Kutoka Utambi Hadi Kapasita: Historia ya Matengenezo ya Vyombo vya Nyumbani Makanyagio

Makanyagio ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, na historia ya vyombo vya nyumbani katika kata hiyo haitenganishwi na historia ya mji wenyewe, uliokulia mwisho wa reli, mbali na bandari na mbali na viwanda, mahali ambapo chombo kilichoharibika ama kilitengenezwa palepale kilipo ama kiliwekwa darini kungojea siku isiyojulikana. Kwa matengenezo madogo makala haya yanakusudia kazi ambayo mwenye nyumba anaweza kuifanya mwenyewe kwa zana chache alizo nazo. Kazi ya fundi ni ile inayofanywa kwa malipo na mtu aliyejifunza ufundi huo. Mpaka kati ya kazi hizi mbili haujawahi kukaa mahali pamoja. Katika enzi ya mafuta ya taa sehemu kubwa ya maarifa ya matengenezo ilikuwa ndani ya nyumba, mikononi mwa akina mama na watoto waliovitumia vyombo hivyo kila siku. Umeme ulipoingia, maarifa hayo yalihamia kibandani kwa fundi, na kaya ikabaki inamiliki vitu isivyovijua undani wake. Kuhama huko ni badiliko kubwa katika maisha ya watu wa kawaida, na linastahili kuchunguzwa kwa uzito uleule unaopewa mabadiliko ya kilimo au ya utawala.

Kabla ya vyombo vya dukani, matengenezo yote ya vyuma yalipita kwa mhunzi. Mpanda inapakana na Ufipa, ambako wafua chuma walijenga malungu, yaani matanuru ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, wakachoma ndani yake mawe yenye chuma kwa mkaa, kisha wakakisafisha chuma ghafi katika tanuru dogo kabla ya kukifua kuwa jembe, shoka au mkuki. Jembe lililokwisha lilirudi motoni likafuliwa upya, kwa kuwa chuma kilikuwa ghali kuliko kazi ya kukitengeneza. Hesabu hiyo ya gharama ndiyo iliyoyaongoza matengenezo ya Mpanda hata katika nyakati zilizofuata, wakati vyombo vyenyewe vilipokuwa vya aina nyingine kabisa.

Badiliko kubwa lilikuja na madini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilianza kuchimba madini ya risasi yaliyochanganyika na fedha na dhahabu karibu na Mpanda, na kwa ajili ya mgodi huo ikajengwa, mwishoni mwa miaka ya 1940, reli ya tawi yenye urefu wa takriban kilomita 210 kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati. Mgodi ulizalisha kwa takriban muongo mmoja, kisha ukafungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki, na pamoja nayo ukabaki mji. Inafaa kukumbukwa kwamba waya wa kulehemu, yaani ule unaoyeyushwa ili kuunganisha nyaya na vipande vya redio, kwa muda mrefu ulitengenezwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi, hivyo mji uliotoa risasi kwa shehena uliipokea tena ikiwa imeviringishwa katika vigurudumu vidogo vya dukani, kwa bei ambayo fundi aliilipa kwa uchungu. Treni iliyopeleka madini pwani ilirudi na mafuta ya taa, taa, majiko, redio na betri, na ilipochelewa, vyote hivyo vilichelewa.

Chombo cha chini kabisa katika enzi hiyo kilikuwa koroboi, taa isiyo na kioo ambayo fundi bati aliitengeneza kwa kopo tupu, akaliwekea kishikio na mdomo mwembamba wa kupitishia utambi. Haikuwa na kitu cha kuharibika ila utambi na maungio ya bati, na utambi ulipatikana katika kitambaa chochote cha pamba. Juu yake ilikuwa chemli, taa ya kubebwa yenye kioo kinachokinga mwali dhidi ya upepo, ambayo ilidai uangalizi zaidi: utambi wake hukatwa kwa mkasi mkali ukiwa mkavu, ukingo ukawa sawa na pembe zikapunguzwa kidogo, kwa sababu pembe iliyochongoka hutoa ulimi wa moto unaopaka kioo masizi, na kioo chenye moto kikiguswa na tone la maji hupasuka. Kanuni hizi hazikuandikwa popote, lakini mtoto aliyekabidhiwa kazi ya kuandaa taa kila alasiri alizijua kabla hajajua kusoma.

Stovu ya pampu ilihitaji ujuzi wa juu zaidi, na ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko chombo kingine kiwango cha ufundi kilichokuwa majumbani. Stovu hiyo, iliyobuniwa Stockholm mwaka 1892 na Frans Wilhelm Lindqvist na kuenea duniani kwa jina la Primus, haina utambi. Mafuta husukumwa kwa hewa iliyopampiwa tangini, yakapanda katika bomba lililokwisha kupashwa moto, yakageuka mvuke, na mvuke huo ukatoka kwa nguvu katika tundu dogo mno na kuwaka mwali wa bluu. Kasoro zake ni chache na zinajulikana. Tundu likiziba kwa masizi, mwali hupungua au huenda upande mmoja, na dawa yake ni sindano nyembamba yenye kishikio cha bati, iliyouzwa pamoja na stovu, inayochomekwa tunduni na kutolewa. Pampu ikisukumwa bila kutoa ukinzani wowote, kosa huwa katika washa ya ngozi iliyoko mwisho wa fimbo ya pampu, kipande chenye umbo la kikombe ambacho kikikauka hujikunja na kuachia hewa. Hutolewa, hulowekwa katika mafuta mpaka kilainike, hutanuliwa kwa vidole na kurudishwa. Mama aliyefanya kazi hiyo jikoni kwake alikuwa ameelewa, bila kuhitaji maneno ya darasani, uhusiano wa hewa, shinikizo na mvuke, na ni dosari ya waandishi wengi wa historia ya teknolojia barani Afrika kwamba ujuzi wa namna hiyo wameuhesabu kuwa sehemu ya upishi na kuupita.

Jiko la Mchina, ambalo ni jiko la mafuta ya taa lenye tambi nyingi zilizopangwa duara, lilikuwa rahisi zaidi na kwa hiyo lilienea zaidi. Moshi wake na sufuria nyeusi ni dalili kwamba tambi hazilingani urefu au zimeungua vichwa. Jiko linalotapika cheche na kupasuka-pasuka hudhihirisha kwamba mafuta yana maji. Kubadili tambi ni kazi ya saa moja: jiko hupoozwa, tangi humwagwa, tambi za zamani huvutwa kwa waya uliopindwa ncha, mpya hupitishwa mmoja mmoja, zote hukatwa kwa kimo kimoja, kisha huachwa zinyonye mafuta kabla ya kuwashwa, kwa kuwa utambi mkavu ukiwashwa huungua wenyewe.

Katika zahanati na nyumba za misheni za bara ilikuwapo pia friji ya mafuta ya taa, iliyotokana na uvumbuzi wa vijana wawili wa Kiswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Friji hiyo haina mashine inayozunguka: joto la mwali mdogo chini yake huiendesha amonia katika mabomba, na amonia inapogeuka mvuke hufyonza joto la ndani. Matengenezo yake yalifanana na ya taa, yaani kusafisha utambi na dohani na kuhakikisha kwamba mwali ni wa bluu, pamoja na sharti moja lililowashangaza wengi, kwamba friji isimame wima kabisa, kwani ikiinama amonia haizunguki ipasavyo. Chanjo za watoto zilizopelekwa vijijini kuanzia miaka ya 1970 zilitegemea mwuguzi aliyejua mambo hayo.

Redio ndiyo iliyouingiza umeme nyumbani kabla ya nguzo za umeme. Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, shirika la utangazaji la Tanganyika likafuata mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawapo Radio Tanzania Dar es Salaam. Wakati huohuo transista, kipande kidogo kilichochukua nafasi ya valvu za kioo, kilifanya redio iweze kuendeshwa kwa betri kavu za tochi. Katika miaka ya 1960 viwanda vya redio vilianzishwa nchini, cha Matsushita jijini Dar es Salaam, kilichotengeneza pia betri kwa jina la National, na cha Philips mjini Arusha. Kwa mji kama Mpanda jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu gazeti lilifika likiwa limechakaa kwa safari, ilhali taarifa ya habari ilifika saa ileile. Kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, mwaka 1973, iliendeshwa kwa vikundi vilivyokusanyika kuisikiliza redio, na ikawafikia watu wapatao milioni mbili. Redio iliyonyamaza ilikuwa hasara ya kikundi kizima.

Matengenezo ya redio yaliyofanyika nyumbani yalihusu hasa njia ya umeme kutoka kwenye betri. Betri kavu ikivuja, ugiligili wake hula springi na vibati vya kugusia, na kutu ya kijani inayotokea huzuia umeme hata betri zikiwa mpya. Vibati hivyo vilisuguliwa kwa msasa au kwa ncha ya kisu, na springi iliyolegea ikaongezewa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Betri zilizochoka zilianikwa juani. Desturi hii imewahi kudhaniwa kuwa imani tu, lakini ina msingi, kwani joto huharakisha mwendo wa kemikali ndani ya betri na kuirudishia nguvu kiasi kwa muda mfupi, ingawa haiijazi upya. Antena iliyokatika iliongezwa kwa waya wa shaba uliofungwa mtini. Kulehemu, kubadili transista au kufungua koili kulibaki kwa fundi redio, na hapa kwa mara ya kwanza chombo cha nyumbani kiligawanywa wazi sehemu mbili, sehemu ya mwenye nyumba na sehemu ya fundi, na mgawanyo huo ulikuwa wa haki kwa sababu kila upande ulijua mwisho wake.

Kisha ulikuja uhaba. Mpanda, ambayo mwaka 1974 ilikuwa imeingizwa katika Mkoa mpya wa Rukwa, ilipata bidhaa nyingi za dukani kupitia Kampuni za Biashara za Mikoa, yaani maduka ya RTC. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta duniani na kukauka kwa fedha za kigeni vilisababisha rafu tupu nchi nzima, na msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 ukawafanya hata wenye akiba ya bidhaa waifiche. Katika hali hiyo chombo kizima kilichokufa kilikuwa ghala la spea: redio tatu mbovu zilizaa moja nzima, pasi iliyoungua ilitoa waya wake kwa nyingine, na skrubu haikutupwa. Masharti ya kuingiza bidhaa yalipolegezwa kuanzia mwaka 1984, na zaidi baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, vitu vilirudi madukani, lakini tabia ya kuhifadhi kila kipande ilikuwa imekwisha kuwa sehemu ya malezi. Wanaoitaja tabia hiyo kuwa ya umaskini hawajaielewa. Ilikuwa ni elimu ya kujua kwamba chombo ni mkusanyiko wa vipande, na kwamba kufa kwa kipande kimoja si kufa kwa vyote.

Umeme wa TANESCO, shirika la umeme la nchi, ulifika Mpanda kwa njia ya jenereta za dizeli, na mji ulibaki nje ya gridi ya taifa, yaani mtandao unaounganisha mitambo mikubwa ya nchi, kwa miongo mingi baada ya miji ya pwani na ya kaskazini. Katika miaka ya 2010 mradi uliosaidiwa na Uholanzi uliiwekea Mpanda, pamoja na Ngara na Biharamulo, jenereta mpya, na katika miaka ya 2020 ujenzi wa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ulikusudiwa kuuingiza mkoa katika gridi. Umeme wa jenereta iliyoelemewa hushuka msongo, yaani volti, jioni watu wote wanapopika na kuwasha taa, na hupanda ghafla mzigo unapopungua; kwa hiyo aina ya maradhi ya vyombo vya Makanyagio ilitokana kwa kiasi kikubwa na aina ya umeme uliopo.

Nyumba zilizounganishwa zilirithi umeme wa volti 230 na plagi ya Kiingereza ya miguu mitatu bapa, iliyowekwa kuwa kanuni Uingereza mwaka 1947, ambayo ndani yake ina fyuzi, yaani waya mwembamba katika bomba dogo uliokusudiwa kuyeyuka kabla waya wa chombo haujawaka. Hesabu yake ni nyepesi: wati za chombo zikigawanywa kwa volti hupatikana ampea, hivyo pasi ya wati 1,000 huvuta ampea 4.3 na kutosheka na fyuzi ya 5, ilhali jiko la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9 na kuhitaji fyuzi ya 13. Kuna pia suala la rangi. Katika nyaya za zamani laivu, yaani waya unaoleta umeme, ni mwekundu, nyutro inayourudisha ni nyeusi na ethi ya kuupeleka ardhini ni ya kijani. Katika nyaya mpya laivu ni ya kahawia, nyutro ni ya bluu na ethi ina kijani na njano. Nyumba nyingi zina aina zote mbili. Kubadili plagi iliyoungua kungekuwa kazi ya nyumbani kama kubadili utambi, lakini maarifa haya, ambayo yanatosha ukurasa mmoja, hayakuletwa pamoja na nguzo. Mteja alipewa mita na ankara, na tangu miaka ya 1990 akapewa LUKU, yaani mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, asielezwe kwamba fyuzi iliyokatika ikibadilishwa kwa kipande cha waya wa kawaida ulinzi wote wa chombo umeondolewa. Moto mwingi wa majumbani huanzia katika pengo kama hilo, na lawama yake haimwangukii mwenye nyumba peke yake.

Pale ambapo kaya ilithubutu kuendelea kujitengenezea, ilithubutu katika jiko la koili, lile lenye waya wa nikromu uliosokotwa na kulazwa katika mfereji wa udongo wa kuchoma. Koili ikikatika, ncha mbili huvutwa zikakutana na kusokotwa pamoja, na jiko huwaka tena hata kwa nguvu kuliko awali. Nguvu hiyo ndiyo hatari yake: koili iliyofupishwa ina ukinzani mdogo, huvuta umeme mwingi zaidi na kupata joto zaidi, na fundo lenyewe huwa mahali pa moto mkali, kwa hiyo kila matengenezo huharakisha yanayofuata. Waliotumia majiko hayo waliligundua jambo hili kwa uzoefu, na wakajifunza kununua koili mpya baada ya kuunga mara mbili au tatu, huku wakizingatia sharti la kwanza, kwamba plagi itolewe kabisa soketini, kwa sababu swichi iliyofungwa kimakosa upande wa nyutro huzima jiko na kuacha koili ikiwa na umeme.

Pasi ya umeme, iliyoifuata pasi ya mkaa, kwa kawaida hufia mahali pasipotiliwa shaka, yaani shingoni, pale waya unapoingia kwenye kishikio na kupindwa kila siku, na kukata kipande hicho na kuunga upya hutosha. Feni inayovuma bila kuzunguka, ila ikisukumwa kwa kijiti huanza, imepungukiwa na kapasita, kikopo kidogo kinachohifadhi chaji na kuipa mota msukumo wa kuanzia, ambacho hubadilishwa kwa kingine chenye kipimo kilekile kilichoandikwa ubavuni. Feni inayozunguka kwa uzito imekauka bushi, na tone la mafuta ya cherehani huiponya.

Friji imeumia kuliko chombo chochote. Msongo ukiwa chini, kompresa hushindwa kuanza, hubaki inavuta umeme mwingi bila kuzunguka, na nyaya zake za ndani huungua. Ndiyo sababu kifaa cha kulinda friji, kinachokata umeme mbaya na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha, ni cha lazima katika mji wa namna hii. Kuna kifo kingine kinachotokea jikoni kwa mkono wa mwenye nyumba, pale barafu iliyoganda inapobanduliwa kwa kisu na kisu kikatoboa bomba la gesi. Barafu huyeyushwa kwa kuzima friji na kuacha mlango wazi, na mpira wa mlango hupimwa kwa kubana karatasi, ambayo ikichomoka bila ukinzani huonyesha kwamba joto linaingia. Kazi ya gesi yenyewe ni ya fundi mwenye mashine yake, na hapo mpaka ni halali.

Mafuta ya taa, kwa upande wake, yalipata pigo mwaka 2011, serikali ilipopandisha kodi yake ili kukomesha uchakachuaji, yaani kuyachanganya na dizeli, na jiko la Mchina likaanza kuwa ghali kulitumia. Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa, na kati ya sensa ya mwaka huo na ile ya 2022 wakazi wake waliongezeka kutoka 564,604 hadi 1,152,958. Kizazi kilichokulia katika ongezeko hilo kimekuta vyombo vya umeme kwa wingi na kwa bei nafuu, na vibanda vya mafundi vilevile, lakini hakikukuta jikoni mtu wa kukifundisha. Sheria inayosimamiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, inataka nyaya za jengo zifungwe na fundi mwenye leseni, jambo ambalo ni sahihi, ila limezaa dhana kwamba hata plagi haimhusu mwenye nyumba. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inawafundisha watakaokuwa mafundi, na mkondo wa amali ulioanza katika shule za sekondari mwaka 2024 ni wa wanafunzi wanaouchagua; mtumiaji wa kawaida hana darasa lake, ijapokuwa anayoyahitaji hayazidi wiki chache za masomo ya shule ya msingi.

Vyombo vyenyewe navyo vinazidi kufungwa. Jiko la wali la umeme hufa kwa kukatika fyuzi ya joto, kipande kidogo cha bei ndogo kilichofichwa chini ya sahani, na birika la umeme limeunganishwa kwa gundi mahali ambapo zamani pangekuwa na skrubu. Balbu ya LED iko katikati. Ndani ya kifuniko chake cha plastiki, ambacho huzungushwa kwa nguvu kikafunguka, taa ndogo zimepangwa kwa mfululizo mmoja, hivyo moja ikiungua zote huzimika, na iliyoungua hujulikana kwa nukta nyeusi. Ikirukwa kwa tone la kulehemu, balbu huwaka, ingawa zilizobaki hubeba mzigo mkubwa zaidi na hazidumu kama mwanzo. Hufunguliwa ikiwa imetolewa katika soketi yake na kuachwa kwa dakika chache, kwa kuwa kapasita yake huweza kubaki na chaji, na kwa kuwa tayari imekwisha kufa, anayejifunza hapotezi chochote akishindwa mara ya kwanza.